Kiti cha Upande wa Upepo

Akinyi alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Kondele, mtaa wa Kisumu, nampimia mteja dawa ya kupe. Alisema tu, "Anti, mama ameanza kusahau watu. Kuja kabla akusahau wewe pia." Jumamosi nilifunga duka mapema, kitu ambacho wateja wangu watakuambia sikifanyi hata mvua ya mawe ikinyesha, nikaenda hadi ule ufuo wa ziwa usio mbali na Luanda Kotieno ambako niliishi mwaka mmoja wa ujana wangu. Nilimkuta Mama Akinyi ameketi kando ya majiko ya samaki, kwenye kiti cha plastiki chenye mto, leso mpya kiunoni. Mwanamke yule zamani alikuwa na sauti ya kusimamisha mtumbwi majini. Sasa alinitazama kwa adabu, vile unavyomtazama mgeni aliyeletwa na kanisa, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kondele. Akasema Kondele kuna vumbi. Punde akaniuliza tena natoka wapi. Nikamjibu tena, naye akanipa pole ya vumbi mara ya pili, kwa moyo uleule.

Jua lilipofika utosini upepo ukageuka, kama unavyogeuka pale karibu kila siku. Asubuhi hutoka nchi kavu ukaupeleka moshi ziwani; mchana hutoka ziwani ukaurudisha kwa watu. Msichana mmoja nisiyemjua aliacha samaki wake, akapangusa mikono, akamshika Mama Akinyi kiwiko akamwinua, akakibeba kiti na kukiweka upande wa pili wa majiko, upande wa ziwa, akamketisha, akarudi kazini. Nikamwuliza msichana nani alimfundisha kufanya vile. "Hakuna mtu alinifundisha," alisema. "Hapa mzee hakai kwa moshi. Ndio tunafanyanga." Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini watu huoga. Nami nikaketi juu ya kreti ya soda, kichwa kikavimba. Sitajifanya mnyenyekevu, sina kipaji hicho. Siku kiti cha mzee kilipohamishwa mara ya kwanza kwenye majiko yale, mimi nilikuwepo.

Habari za wazazi wangu na shule niliyosoma nitaziacha zilipo, hazina msaada hapa. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, binti wa Maragoli, nina cheti cha afya ya mifugo na Dholuo, yaani Kijaluo, cha kununulia nyanya tu, na niliamini hakuna ng'ombe duniani anayeweza kunishinda. Aliyeniajiri alikuwa Daktari Obura, daktari wa wanyama mwenye chumba kimoja mjini Kisumu kilichonuka dawa ya vidonda na karanga za kukaanga, kwa sababu alitembea na karanga kwenye mifuko ya koti lake jeupe na kuzitafuna hata akimshona punda. Ng'ombe na punda hawakumpa shida. Kilichomnyima raha ni mbwa wazee. Watu walimletea mbwa waliokwama nyuma ya mlango wasijue kurudi kinyumenyume, mbwa waliobwekea wenye nyumba, mbwa waliosimama mbele ya lango walilolipita maisha yao yote, wakilitazama kama lango la jirani. Hawakuwa na homa wala kichaa cha mbwa. Walikuwa wanapotea polepole, na Daktari alitaka kujua kama ni uzee peke yake au kuna kitu mahali tunapoishi kinachousukuma uzee huo ufike mapema. Alishuku maji ya ghuba, ambayo miezi ya joto hugeuka kijani kibichi na kunuka. Alishuku moshi. Alishuku mabaki ya betri za gari zinazoyeyushwa nyuma ya nyumba za watu. Nilipomuuliza kwa nini asianze na binadamu, alitafuna karanga zake kwanza, halafu akanijibu maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Mtu akianza kupotea njia ya kwake, watu watataja chira, watataja uchawi, watataja mke mwenza. Mbwa hana chira, Kageha. Mbwa hana mke mwenza. Akisahau lango lake, tunabaki na maji, hewa na chakula."

Chira ni ile laana ambayo Wajaluo husema humpata aliyevunja mwiko. Nilicheka, nikiwa sijui kwamba kabla ya mwaka kwisha nitayahitaji maneno hayo.

Alinipeleka ufuoni kwa sababu mbwa wa pale hunywa maji ya ziwa, hula matumbo ya samaki na hulala kando ya majiko ya kukaushia samaki kwa moshi. Kazi yangu ilikuwa kuwatazama wale wazee miongoni mwao, mwezi baada ya mwezi, na kumweleza Daktari alipokuja. Nilipangishwa nyumba ndogo karibu na lango katika boma la bibi mmoja mjane, nyumba ambayo mwanawe Ochieng' aliijenga akiwa kijana, kabla hajahamia Kisumu kufanya kazi ya uashi. Bibi huyo aliitwa Peresia, na kila mtu alimwita Dani Peresia, yaani nyanya. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na sakafu ya udongo iliyopigwa hadi ikang'aa, kalenda za miaka iliyopita zimebandikwa ukutani kwa ajili ya picha zake, na harufu ya moshi iliyokolea hata kwenye mto wa kulalia. Alikuwa amekausha samaki tangu alipoolewa. Ngozi ya mikono yake ilikuwa na rangi ya mbuta aliyekauka, na alikohoa kila akicheka. Alikuwa na mbwa mzee aliyeitwa Kapteni, mwenye sikio moja, na wawili hao walikwenda pamoja kwenye majiko kila asubuhi na kurudi pamoja jioni.

Alinipenda siku ya kwanza, akanisahau siku ya pili. Asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni kwangu na sufuria ya chai, akaniuliza kwa upole ni nani aliyeniruhusu kulala katika nyumba ya mwanawe. Nilieleza. Akafurahi upya, akanimiminia chai, akanipa viazi vitamu, akanipa jina la Nyar Maragoli, binti wa Maragoli, ambalo lilinikaa hadi leo. Niliona ni uzee wa kawaida. Halafu nikaanza kula kwake jioni. Omena, yaani dagaa wa ziwani, ilitiwa chumvi ilipoingia sufuriani, ikatiwa tena ilipoanza kuchemka, na mara nyingine ikatiwa ilipokuwa mezani, nasi tukala na maji mengi bila mtu kulalamika. Aliandaa sahani ya marehemu mumewe na kuuliza mbona amechelewa. Kapteni naye, nilimkuta mara kadhaa kichwa kimo katika pembe ya ghala na ukuta, amesimama tu, akisubiri pembe ile ifunguke. Daktari alikuwa amenifundisha maswali ya kujiuliza kuhusu mbwa: je, anapotea mahali anapopajua, anawasahau watu wake, anachanganya mchana na usiku? Jioni moja nikiwa najijibu maswali hayo juu ya Kapteni, niligundua nimemjibia Dani Peresia pia, moja baada ya jingine. Nikaweka kijiko chini.

Lazima niseme kuhusu kichekesho cha mchana na usiku, maana Daktari hunichokoza nacho mpaka leo. Baada ya majuma machache nilimpelekea ujumbe wa shangwe: mbwa wote wa ufuo ule, wakubwa kwa wadogo, hulala mchana kutwa na kutembea usiku kucha, dalili aliyoniambia niitafute. Daktari alikuja mbio, macho yametoka, amesahau hata karanga zake. Tulikaa kutwa tukiwahesabu mbwa waliolala. Jioni mitumbwi ikaanza kuingia majini na taa zake, na Daktari akasimama ghafla akashika kichwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na alfajiri hurudishwa nchi kavu. Ufuoni kazi huanza kabla ya kupambazuka, na mbwa hukesha wakisubiri samaki. Sisi wawili, wasomi wenye vyeti, tulikuwa tumegundua kwamba mbwa wa wavuvi wa omena hufanya kazi ya usiku. Mama Akinyi aliposikia alicheka akashikilia nguzo. Kuanzia siku hiyo akawa ananiita Daktari wa Mbwa, na kila alipomwona mbwa amelala aliniita nije nimpime.

Mama Akinyi ndiye aliyekuwa mkuu pale kwenye majiko, ingawa hakuna aliyemchagua. Alijua kuni za nani zina unyevu na nani amepanga samaki wabovu chini ya wazuri. Nyumba yake ilikuwa ile iliyo karibu zaidi na maji, nyumba aliyoachiwa na mama mkwe wake. Nilizoea kuketi na wanawake wale asubuhi, nikiwatazama mbwa na kusikiliza mazungumzo, nao walidhani sielewi Dholuo. Nilielewa zaidi ya walivyodhani. Ndivyo nilivyosikia neno jajuok likitajwa kwa sauti ya chini, na baada yake jina la Dani Peresia. Asiyejua na ajue: jajuok ni mtu anayesemekana hukimbia usiku katika maboma ya watu, hugonga milango, hurusha mchanga juu ya mabati na kuwatisha waliolala. Mtu akishikwa na jina hilo, jirani humkwepa, na vijana wakichemka humpiga. Walikuwa wanasema Dani anagonga milango kabla ya kupambazuka. Walisema anaita watu waliokufa. Mmoja alisema mtoto wake ameshikwa na degedege baada ya mlango kugongwa. Juma lile nilikuta mawe mlangoni kwa Dani, na bati moja limebonyea. Dani aliyaokota akayapanga vizuri kando ya ukuta, akaniambia Ochieng' ameanza kuleta mawe ya kujengea.

Nilimtafuta Ochieng' kwa simu ya dukani, naye akaja. Alikuwa mtu mpole, mwenye saruji kwenye kucha, na alikuwa ameshafanya uamuzi. Atamchukua mama yake amweke katika chumba chake pale Kondele, na akienda kazini atafunga kufuli kwa nje. Nilimuuliza mama atafanya nini humo kutwa. Alisema, akiangalia chini, kwamba angalau huko hakuna mtu atamuua. Sikuweza kumlaumu. Lakini nilikuwa nimeona mbwa waliofungiwa kwa sababu wamesahau lango. Daktari aliletewa wengi, na nilijua namna wanavyoisha upesi. Niliomba anipe hadi Daktari aje, na Ochieng' akakubali kusubiri siku chache. Kwa hiyo kazi ya mwaka mzima, mambo ya maji ya kijani na moshi na betri, ikawa swali moja tu kwangu: Dani Peresia atabaki kwake, au atafungiwa?

Alfajiri iliyofuata nilisikia mlango wake, nikatoka nikamfuata, mashariki kukianza kuwa na rangi. Kapteni alikuwa mbele, Dani nyuma, na beseni kichwani. Hakukimbia. Alitembea kama mtu mwenye ratiba. Alifika nyumba ya kwanza akagonga kwa vifundo vya vidole, akaita jina, akasubiri kidogo, akaenda nyumba ya pili, akaita jina jingine. Ndani ya nyumba ya pili mtoto alianza kulia. Kwa Mama Akinyi alikaa muda mrefu zaidi, akaita, "Dorsila! Dorsila!" na hakuna aliyemjibu. Halafu akashuka hadi majini akasimama na beseni lake miongoni mwa wachuuzi, nao wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Niliona wanavyomwogopa, nikaona naye anavyowatafuta watu kwa macho asiwapate. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama ile, na hasira pia, ila sikujua nimkasirikie nani.

Daktari alipofika, wanawake waliitana kwenye majiko na Ochieng' akaketi kati yao. Hakukuwa na mwenyekiti, moto uliendelea kuwaka na samaki wakageuzwa kama kawaida, kwa sababu samaki hangojei kesi. Dani mwenyewe alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, moshi unampiga usoni, Kapteni miguuni pake. Mama Akinyi alisema kwa niaba ya wote. Alisema hana chuki na Dani, amekula chumvi yake tangu aolewe, lakini mambo yamezidi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza ubongo na uzee, na maneno yote yalinitoka kichwani. Nilichosema ni kwamba Kapteni naye hutembea gizani, naye huwasahau watu wa kwao, naye hukwama kwenye pembe za nyumba. Nikawauliza, je, Kapteni naye ni jajuok? Mmoja akacheka, wa pili akafuata, na Daktari akaingia hapo hapo kwenye kicheko kile akawaambia kwamba ameona mbwa wengi walio hivyo, wasio na laana wala uchawi, na kwamba bibi na mbwa hawa wamevuta moshi mmoja na kunywa maji mamoja miaka yote. Alisema huu ni ugonjwa, mtu huupata kama anavyopata kikohozi. Walisikiliza. Lakini Mama Akinyi hakuwa amecheka.

"Mbwa haiti mtu amekufa," alisema. "Huyu anagonga mlango yangu anaita Dorsila. Dorsila ni mama ya bwana yangu, na tulimzika. Ni nani anaitanga wafu kama si jajuok?"

Nikamuuliza anagonga namna gani. Niliuliza kwa sababu nilikuwa nimekwama, si kwa sababu nilijua lolote. Mama Akinyi alivuta beseni tupu akaligonga kwa vifundo vya vidole kutuonyesha: mbili za haraka, kimya, halafu moja. Akagonga tena. Mara ya tatu mkono wake ulibaki hewani. Kule upande wa moshi Dani Peresia alikuwa ameinua kichwa na kuangalia beseni, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Ngoja," Mama Akinyi alisema polepole. "Hii kitu naijua. Mimi nikiwa bibi arusi nililala jikoni kwa Dorsila. Kila asubuhi ilikuwa inagongwa hivi. Ni huyu alikuwa anaamsha hao wote."

Akatueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo wanawake wa umri wake walivyoanza kuitikia, mmoja mmoja. Zamani, kabla ya madalali na pikapu, kabla kila mtumbwi haujawa na mnunuzi wake, omena ilikuwa ya mchuuzi aliyetangulia majini. Wanawake wa ufuo walikuwa na desturi: mmoja wao hulala macho yakiwa kwenye ziwa, na akiona taa zimeanza kurudi, hupita nyumba kwa nyumba kuwaamsha wenzake, ili asipatikane hata mmoja wa kukosa samaki na kulaza watoto njaa. Mwenye kazi hiyo alikuwa Peresia, kwa sababu usingizi wake ulikuwa mwepesi na moyo wake haukuwa na choyo. Wenzake wote walikuwa wamekufa. Nyumba walizolala zilikuwa za wakwe zao na wajukuu wao. Yeye alikuwa amesahau mazishi, hakusahau kazi. Ochieng', mtu mzima mwenye saruji kwenye kucha, alijifunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa mtoto aliyelishwa kwa omena ile, na hakuwa amejua.

Nilimuuliza Mama Akinyi, Dorsila alikuwa anajibu nini. Akajibu kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti nyembamba ya mwanamke aliyetoka usingizini: "Nimeamka. Nishikie nafasi."

Alfajiri iliyofuata nilitoka tena. Nilikuwa najua saa ya Dani sasa, na nusu ya wanawake wa ufuo walikuwa macho nyuma ya milango yao, wakijifanya wamelala. Alipogonga nyumba ya kwanza, mtu alijibu kutoka ndani kwamba ameamka. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Kwa Mama Akinyi aligonga, akaita Dorsila, na sauti kubwa tuliyoizoea ikajikunja ikawa ndogo: "Nimeamka. Nishikie nafasi." Dani Peresia aliguna kwa kuridhika, kama mtu aliyemaliza sehemu yake. Alishuka majini, akasimama na beseni, na safari hii wanawake walikuja wakasimama karibu naye, bega kwa bega, mbele kabisa. Kulipopambazuka alirudi nyumbani, akalala usingizi mzuri. Siku zilizofuata alitembea mara chache kuliko zamani, na kila alipotembea alijibiwa. Mawe hayakurudi. Ochieng' alirudi Kondele na kufuli lake mfukoni, na kila mwisho wa mwezi alikuja na sukari na sabuni ya mama yake.

Kiti kilifuata baada ya hapo. Daktari alitaka Dani aache kabisa kwenda kwenye majiko, kwa sababu ya moshi. Tulijaribu siku moja, na Dani alilia kutwa kama mtoto aliyeachwa. Mama Akinyi akamuuliza Daktari waziwazi kama ana hakika moshi ndio uliomfanya Dani hivi. Ningeweza kumbusu Daktari kwa jibu lake, maana wasomi wengi wangedanganya. Alisema, "Sina hakika. Nashuku. Inaweza kuwa moshi, inaweza kuwa maji, inaweza kuwa uzee tu. Lakini kiti kinaweza kusogezwa leo, hata kabla sijajua." Mama Akinyi aliinuka, akalamba kidole akakiinua juu, akasema asubuhi atakaa huku na mchana atakaa kule. Akakibeba mwenyewe kigoda cha Dani. Mchana upepo ulipogeuka kila mtu alikuwa amezama kazini, na alikuwa Mama Akinyi tena aliyeacha samaki wake akaenda kumhamisha, akitukana upepo. Baadaye waligawana zamu. Baadaye tena walianza kuchota maji ya kunywa mbali na yale mapovu ya kijani yanayokusanyika ukingoni, na majiko mengine yakajengwa yakiwa na bomba la kutolea moshi juu.

Tulichunguza mbwa wengi hadi mwaka ukaisha, na sitasema tulipata jibu. Mbwa wachache hufika uzeeni ufuoni pale, na waliofika hawakutosha kutuambia lolote kwa uhakika. Kapteni alikufa kwa kugongwa na lori la samaki, akiwa amesimama katikati ya barabara aliyoijua. Leo nasikia watu wa sayansi wakizungumzia mambo hayohayo kwa uzito, hewa chafu na ubongo, sumu ya mapovu ya kijani, madini ya risasi yanayotoka kwenye betri, na wanasema mbwa mzee na mtu mzee huharibika ubongo kwa njia zinazofanana. Wanashuku, kama tulivyoshuku sisi. Kila nikisikia habari hizo redioni dukani, huwa naongeza sauti na kumwambia mteja yeyote aliyesimama pale kwamba mimi nilianza kazi hiyo zamani. Wengi huniomba tu niwauzie dawa yao ya kuku. Dani Peresia alifariki miaka kadhaa baadaye, nyumbani kwake, kitandani kwake, na mazishini walisimama watu ambao zamani walikuwa wamebeba mawe. Daktari Obura amestaafu, anaishi Bondo. Jumamosi hiyo nilimpigia simu nikiwa bado juu ya kreti ya soda, nikamwambia kiti bado kinahamishwa, na anayekihamisha hajui ni kwa nini. Nikasikia anatafuna karanga, kisha akaniuliza kama wanatumia bado kuni za miti ileile.

Nililala kwa Akinyi. Asubuhi, kulipokwisha pambazuka, alikuwa anachemsha chai akaniomba nikamwamshe mama, katika nyumba ileile iliyo karibu na maji. Mama Akinyi alikuwa ameniuliza jina langu tangu jana mpaka nikaacha kujibu. Nilisimama mbele ya mlango ule nikiwa sina mpango wowote, na mkono wangu ukagonga wenyewe: mbili za haraka, kimya, halafu moja.

Kitanda kililia ndani. Kisha nikasikia ile sauti nyembamba, safi, isiyo na shaka hata kidogo.

"Nimeamka. Nishikie nafasi."

Halafu nikabeba kiti chake na mto wake, nikashuka hadi kwenye majiko, nikatazama moshi unaelekea wapi, nikamshikia nafasi.